Mwiko Ndani ya Dawa

Nyinyi mnaoanza kazi hii ya kuchanganya dawa za mimea mna mizani zinazosoma uzito wa chembe, na simu zinazowajibu kabla hamjamaliza kuuliza. Mimi nimestaafu. Mikono yangu bado inanuka mwarobaini hata nikioga kwa maji ya moto, na mke wangu alishaacha kulalamika. Mengi ya kazi ile nimeyasahau. Sijasahau shamba la Mzee Abdala kule Tindiga, asubuhi nilipoitwa kuliona.

Mzee Abdala alikuwa mkulima wa mahindi, mtu mzima kunizidi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, halafu akanitangulia mpaka shambani. Mahindi yalikuwa yanafika magotini. Nilitazama nikadhani macho yangu yana shida. Shamba lilikuwa na milia kama ya pundamilia. Mistari kadhaa ilikuwa ya kijani, lakini ukifunua moyo wa mhindi unakuta kiwavijeshi amejilaza ndani, amenenepa, na kinyesi chake kimejaa kama unga wa mbao. Mistari iliyofuata majani yalikuwa yamekauka, yamejikunja, kama vile mtu amepita na sufuria ya maji yanayochemka. Kisha kijani tena na viwavi wake, kisha mistari mingine iliyoungua, hivyo hivyo mpaka mpakani.

"Bomba ni moja," akasema Mzee Abdala. "Nalijaza, napuliza mpaka linaisha, najaza tena. Sasa nieleze wewe uliyesoma. Ilikuwaje mwanzo wa bomba ukanipa maji, na mwisho wa bomba ukanipa moto?"

Ndivyo ilivyokuwa hasa. Bomba la mgongoni hunyonya kutoka chini. Dawa ikiwa imetengana, maji yako chini na mafuta yako juu. Mkulima anaanza kupuliza maji matupu, viwavi wanaogeshwa. Bomba likikaribia kuisha, yanatoka mafuta mazito, na mafuta mazito kwenye jani changa juani ni sawa na kulikaanga. Dawa ile niliichanganya mimi, kwa mikono yangu miwili, na kwenye kila chupa kulikuwa na karatasi niliyoandika kwamba haitengani.

Niwarudishe nyuma kidogo ili mwelewe nilifikaje pale.

Karakana yetu ilikuwa Kilosa mjini. Tulikamua mbegu za mwarobaini, na kazi yangu ilikuwa kuyafanya mafuta yale yakubali kukaa ndani ya maji. Mafuta na maji hayapendani, hilo hata mtoto anajua. Unahitaji kitu cha katikati, kizito, cha rangi ya asali, kinachofanana na sabuni. Sisi tulikiita kiunganishi. Ukichanganya kienyeji unapata kitu cheupe kama maziwa, na baada ya siku chache mafuta yanapanda juu. Lakini matone ya mafuta yakiwa madogo sana, madogo kiasi kwamba hata mwanga unayapita bila kuyaona, dawa inageuka kuwa angavu, ina ubuluu wa mbali kidogo, na inaweza kukaa miezi. Hiyo ndiyo mnayoita nano. Tone dogo linashika jani vizuri, linaingia pale tone kubwa linapoteleza, na dawa kidogo inafanya kazi ya dawa nyingi.

Mzee Lameki, aliyenipokea kazini, naye alitokea Mamboya kama mimi, alinifundisha kuipima bila mashine. Weka gazeti nyuma ya chupa. Ukisoma habari, umefaulu. Weka chupa juu ya bati siku tatu, ishinde juani na ilale kwenye baridi. Kisha ipe dereva wa bodaboda aende nayo Tindiga na kurudi, maana barabara ile itakitenganisha chochote kisichopatana, hata ndoa. Mwisho, puliza mmea wako mwenyewe kabla hujapuliza wa mtu. Alipofariki niliyaandika yote haya kwenye daftari. Sisi tuliosomeshwa misheni tunaamini sana kilichoandikwa. Kuandika nikaandika. Kufuata ni jambo jingine.

Mkurugenzi wetu alileta mashine ya kupasulia mafuta, iliyotumika mahali pengine kabla ya kutufikia. Ilikuwa pipa la chuma lililofungwa, lenye kisu ndani kinachozunguka kwa kasi, na likiwashwa majirani walikuwa wanafunga madirisha. Dawa ikaanza kutoka angavu. Mkurugenzi alisimama mlangoni na chupa mkononi akiwasomea wageni gazeti kupitia dawa, mpaka matangazo ya vifo.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mimi napima: mafuta jagi lake, kiunganishi jagi lake, maji ndoo yake. Nikishapima naenda ofisini kuandika. Kumimina ndani ya pipa na kuwasha nilimwachia Mama Siwema, aliyekuwa ameajiriwa kuosha chupa. Kumimina niliona si kazi ya mtu aliyesoma. Mama Siwema alikuwa mama wa makamo, mkimya, babu yake alikuja Kilosa kukata mkonge na ukoo ukabaki. Alifunga kanga yake kiunoni, akafanya kazi, akaenda nyumbani.

Daftari langu la siku zile ninalo hadi leo. Kila ukurasa una tarehe, vipimo, na mstari unaosema: mashine, dakika ishirini. Ukurasa mmoja nimeandika kwa fahari kwamba nimeongeza hadi dakika ishirini na tano, na kwamba matone yamezidi kuwa madogo. Nilipigia mstari kwa rula.

Siku moja nilisahau miwani karakana, nikarudi. Nikafungua mlango nikamkuta Mama Siwema amekaa kwenye kigoda, ndoo katikati ya miguu, anakoroga dawa kwa mwiko. Mwiko wa ugali. Amenipa mgongo, anakoroga taratibu, mkono wa pili unachuruzisha maji kutoka kwenye jagi. Nilipigwa na butwaa. Kichwani mwangu nikaona takataka, nikaona uchafu wa jikoni ndani ya dawa yangu ya dakika ishirini na tano. Nikafunga mlango polepole. Sikumwuliza kitu. Nilikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi, na kabla ya Ijumaa Mama Siwema alipewa barua ya kufukuzwa kazi.

Hapo vijana ndipo ninapotaka mnitazame vizuri. Nilikuwa nimesimama mlangoni, hatua nne kutoka kwake. Swali lilikuwa maneno mawili tu: unafanya nini? Sikuyasema.

Baada ya hapo nikamimina mwenyewe. Maji kwanza, mafuta juu yake, kiunganishi mwisho, mashine ikanguruma dakika zake ishirini na tano. Ikatoka nyeupe. Nikajiambia mwarobaini wa msimu huu ni mzito. Viwavi walikuwa wameingia mashambani, wakulima wanapiga simu, mkurugenzi ananisimamia kichwani. Sikuweka chupa juu ya bati hata siku moja. Nilibandika karatasi, chupa zikaenda Tindiga, na mliyoyasikia ndiyo yaliyotokea.

Niliporudi kutoka shambani kwa Mzee Abdala nilichanganya tena na tena. Nilibadili maji, nikabadili mafuta, nikamlaumu aliyetuuzia kiunganishi. Kila kitu kilitoka maziwa, na baada ya kulala kikatengana. Siku ya tano nilikaa kwenye kigoda kile kile, nikatazama ndoo, na wazo likanijia ambalo sikulipenda hata kidogo. Dawa ilikuwa nzuri mpaka wiki aliyofukuzwa mwosha chupa.

Nikapanda gari la Mikumi. Nilisikia amehamia huko kwa binti yake, wanauza chakula kando ya barabara kuu, wateja wao madereva wa malori. Siwema ndiye aliyeniona kwanza, mtoto mgongoni. Akaniamkia, "Shikamoo baba," akanivutia kiti bila kujua mimi ni nani. Mama yake alikuwa anatwanga karanga kwenye kinu. Aliinua macho mara moja, akaendelea kutwanga.

"Karibu, Bwana Yoeli. Umekula?"

"Nashukuru, sijaja kula. Dawa imetushinda, Mama Siwema."

"Inafanyaje?"

"Inatengana."

"Inakatika," akasema. "Kama tui."

Nilimweleza kuhusu Tindiga. Nilipofika kwenye ile milia aliacha mchi. Aliuliza shamba ni la nani, ana watu wangapi nyumbani, na kama amepanda kwingine. Nikamwambia hajapanda kwingine. Kisha akaniuliza swali nililokuwa naliogopa tangu Kilosa.

"Nani alinisema?"

"Sijui," nikasema.

Nimekuwa mzee wa kanisa, nimelea watoto nikiwachapa kwa kusema uongo. Neno lile lilitoka mdomoni mwangu jepesi kama mate.

Mama Siwema akachota karanga zilizopondeka akazitia kwenye bakuli. "Barua ilitaja mwiko," akasema. "Siku ya mwiko mlango ulifunguliwa ukafungwa. Kiatu chako cha kushoto kinalia, Bwana Yoeli. Hata leo nimekisikia ukishuka kwenye gari. Kwa nini hukuniuliza? Ungeuliza ningekujibu."

Nilitamani ardhi ya Mikumi inimeze. "Ni mimi," nikasema. "Nisamehe."

Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Alisema, "Ile mashine yenu ilikufa masika ya mwaka juzi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia mashine inanguruma, haijawahi kuzimika.

"Kunguruma inanguruma. Mimi ndiye niliyekuwa naiosha ndani. Ilibadilika sauti, na nikifungua bomba la chini yanatangulia maji, mafuta yako juu. Nikamwambia mkurugenzi. Akaniambia mashine ikifa na kazi imekufa, wote mtarudi nyumbani, kaoshe chupa. Siwema alikuwa na mimba na mwenzake amekimbia. Ningerudi nyumbani kufanya nini? Nikaanza kukoroga mwenyewe kwenye ndoo. Nikimaliza namimina kwenye pipa, nawasha inanguruma kama mlivyotaka."

"Zaidi ya mwaka mzima?"

"Nilidhani unajua. Kila siku ulikuwa unaandika."

Sijui niwaelezeje. Daftari zima, tarehe, vipimo, dakika ishirini na tano zilizopigiwa mstari kwa rula, nilikuwa naandika habari za maiti. Na aliyekuwa akifanya kazi nilikuwa nimemfukuzisha.

Akanivutia bakuli. "Tazama hapa." Karanga zilikuwa zimeshikana, nzito, zinang'aa mafuta. "Ukizitupa hizi ndani ya maji mengi, zinakatika, mboga inaharibika. Maji ndiyo yanayokwenda kwa karanga, kidogo kidogo." Akadondosha maji kidogo, akakoroga, akadondosha tena. Rojo likawa zito mpaka kijiko kikasimama. "Hapa mwanamke asiyejua anaogopa, anamwaga maji yote. Usiogope. Endelea kidogo kidogo." Akaongeza, na ghafla rojo likalegea, likawa laini, limelingana, halina hata tone la mafuta juu. "Ile dawa ni hivi hivi. Mafuta na ile asali yenu ya kuunganisha kwanza, uvipashe moto kidogo vipatane. Halafu maji, tone kwa tone, mkono usibadili upande. Itakuwa nzito kama ugali wa mgonjwa. Ukivuka hapo inaachia yenyewe na kuwa angavu. Hata nguvu haitaki."

Nilikuja kujua baadaye kwamba wataalamu wanalo jina refu kwa jambo hilo. Maji yanapoongezwa ndani ya mafuta inafika mahali vinapinduka: kilichokuwa kimebeba kinabebwa, na katika kupinduka huko ndipo mafuta yanapasuka kuwa matone madogo kuliko yale ambayo kisu chochote kingeyakata. Vitabu vilikuwepo. Mimi nililipata kwenye bakuli la karanga kando ya barabara, nimeinamisha kichwa.

Niliporudi Kilosa nilichukua spana nikamwita mkurugenzi aje atazame. Tukafungua pipa. Pini inayoshika kisu ilikuwa imekatika vipande viwili. Nikiwasha, mota inazunguka na kelele zake zote. Kisu kimetulia, ukikigusa kwa kidole kinajisogeza kivivu. Mkurugenzi alikaa juu ya kreti la chupa. Kisha akasema, "Funga."

"Nifunge?"

"Funga, Yoeli. Kuna wageni mwezi ujao. Tutatafuta fundi kimya kimya."

Nikamwambia kwamba nitafunga, lakini aandike barua mbili: ya kumrudisha Mama Siwema na yangu ya kuondoka, kisha achague atakayoweka sahihi. Msidhani nilikuwa jasiri. Naye hakusaini ile ya kwanza kwa wema. Viwavi walikuwa shambani na hakuna mwingine aliyeweza kutengeneza dawa.

Mama Siwema alikubali kurudi kwa sharti moja. Kabla ya kugusa chupa, twende Tindiga.

Tukaenda. Alimkuta Mzee Abdala amekaa kwenye ukingo wa shamba, akamwamkia, akamwambia, "Dawa iliyochoma haikupita mikononi mwangu. Ila ningekuwepo isingechoma, ndiyo maana nimekuja." Mzee akanitazama mimi. Nikamweleza yote, la mwiko, la barua, la kuacha kuweka chupa juu ya bati. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wewe ulimfukuza anayejua," akasema, "ukaniletea ya asiyejua."

"Ndiyo, mzee."

"Haya. Jembe lile pale."

Nililima siku mbili. Tuling'oa mistari iliyoungua tukapanda choroko. Mama Siwema alichanganya dawa pale pale, kwenye ndoo, kwa maji ya kisima cha Mzee Abdala, majirani wamemzunguka. Ilipoachia ikawa angavu mama mmoja alicheka akasema kumbe ni mboga ya karanga. Mistari ya kijani ilipulizwa, na baada ya siku chache viwavi walikuwa wamekauka ndani ya majani. Lakini msiandike kwamba mambo yaliisha vizuri. Mahindi yaliyobaki hayakutosha nyumba ile. Mzee Abdala aliwapeleka wajukuu wawili kwa shangazi yao Ruhembe mpaka msimu mwingine, na mdogo wao alikuwa hajawahi kulala mbali na bibi yake. Kila nilipopita Tindiga nikakuta ua ule uko kimya nilijua ukimya ule umetoka wapi.

Tulipotulia nilifungua daftari jipya niandike mbinu upya, kwa ukweli. Nikaandika kichwa cha habari, nikafika mahali pa jina la mwenye mbinu, kalamu ikasimama. Nilifanya kazi na mama yule miaka sita. Nilimjua binti yake kwa jina, na mjukuu wake pia. Yeye nilimwita kwa jina la mtoto wake, kama wote, na sikuwahi kufikiria kwamba ana jingine.

Nikamwendea pale anapooshea chupa. "Mama Siwema, jina lako nani?"

Alishangaa kidogo. "Mwanahawa," akasema. "Mwanahawa Saidi. Kuna barua nyingine?"

Hapana, nikamwambia, hakuna barua.

Amefundisha watu wengi tangu hapo. Baadhi yenu mnafanya kazi na wanafunzi wa wanafunzi wake bila kujua. Mashine ilitengenezwa, ikauzwa.

Siku ya kuniaga kulikuwa na ukumbi, viti vyenye vitambaa, pilau, na spika inayokoroma. Mkurugenzi alisoma risala. Akanitaja kuwa mgunduzi wa mbinu ya maji kwa tone, iliyoiokoa karakana. Watu wakapiga makofi. Nikachukua kipaza sauti nikasema si mimi, ni Bi Mwanahawa Saidi aliyeajiriwa kuosha chupa. Wakacheka vizuri tu, wakapiga makofi zaidi. Nikasikia mtu nyuma akisema huyu mzee ana unyenyekevu. Nikasema tena, nikaongeza kwamba nilimsema kwa uongozi akafukuzwa, kwa sababu ya kukoroga dawa kwa mwiko. Kwa neno mwiko ukumbi mzima ukaangua kicheko, wengine wakafuta machozi. Nilikuwa nimebeba ukweli ule miaka yote nikiuogopa, nikidhani siku nikiusema mbele ya wenzangu utanivunja, na sasa nimeusema hadharani na hakuna aliyeusikia.

Bi Mwanahawa alikuwa amekaa safu ya pili, kanga yake mpya, mjukuu ubavuni. Yeye hakucheka. Alinyanyuka, akaja taratibu mpaka mbele, akanyoosha mkono nikampa kipaza sauti.

"Anasema kweli," akasema. "Alinifukuzisha kazi. Shamba la watu likaungua. Akaja Mikumi kuniomba, nikamfundisha." Akasubiri kicheko kiishe, na kiliisha. "Haya, karibuni chakula, kinapoa."

Akanirudishia kipaza sauti akaenda kukaa. Hakuna mtu aliyenyanyuka kwenda kwenye pilau.